Mashuka ya Mama Katika Barua Mbili

Shuleni walimwita Karani. Jina lilimganda tangu kidato cha kwanza, siku alipomwandikia mwenzake barua ya kuomba radhi kwa mwalimu wa zamu. Barua ilikuwa nzuri hata mwalimu akasamehe kosa, kisha akamvuta mkosaji pembeni na kumwuliza, "Hii kakuandikia nani?" Mkosaji hakuwa na kifua. Akamtaja. Tangu hapo, mwenye haja ya barua ya ruhusa, ya kujitetea au ya mapenzi alijua pa kwenda.

Karani alikuwa binti wa miaka kumi na minane, mwenye macho ya mtu aliyeamshwa sasa hivi. Kwao walikuwa watatu tu. Baba yake alikuwa mpaka rangi wa majengo, na kazi ilimpeleka popote palipojengwa ukuta mpya. Mwezi huu yuko nyumbani anakohoa vumbi la kuta, mwezi ujao yuko safari ya siku mbili kwa basi, anapaka hoteli ya mtu. Mama alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali kuu. Kwa miaka kumi na sita alikuwa akifua, akikausha na kukunja mashuka ya wodi tisa. Ukimshika mkono ulihisi umeshika kitu kilichopigwa pasi.

Mwaka ule wa mwisho wa sekondari haukuwa na siku ya kupumua. Mtihani wa majaribio uliisha Ijumaa, Jumatatu wakaanza kujiandaa kwa mtihani wenyewe, na katikati hapo akaingia darasani mwalimu wa ushauri akiwa na bunda la karatasi kwapani. Huyu alikuwa mwalimu wa jiografia aliyetwishwa ushauri baada ya mwenye kazi yake kustaafu, na hakuficha kwamba alitwishwa.

"Maombi ya vyuo," alisema. "Mwisho ni tarehe thelathini, saa kumi jioni. Yote yanaingizwa kwenye tovuti. Saa kumi na dakika moja ni mwakani."

Akasoma yanayotakiwa. Cheti cha kuzaliwa. Picha yenye ukuta mweupe nyuma. Alama za mtihani wa majaribio zenye muhuri. Barua ya mkuu wa shule. Mpaka hapo watu walikuwa wanaandika tu. Kisha akasoma la mwisho: "Eleza wewe ni nani, na kwa nini unataka kusomea fani uliyoichagua. Maneno yasipungue mia nne."

Kalamu zikasimama.

"Mwalimu," akauliza kijana mmoja wa nyuma waliyemwita Bingwa, kwa sababu hajawahi kushinda kitu, "mimi ni nani kivipi?"

"Wewe mwenyewe usipojua, mimi nitajuaje?"

Darasa likacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha wasiwasi. Miaka yote ile walikuwa wakiulizwa mambo ya mito, ya asidi, ya wafalme waliokufa. Hakuna aliyewahi kuwauliza wao ni nani, na ajabu zaidi, wawe nani kwa maneno mia nne. Kengele ilipolia, vichwa vyote viligeuka upande mmoja. Karani aliona, akainama kufunga kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Wa kwanza alikuwa Bingwa. Walikaa kwenye benchi la saruji nyuma ya chumba cha kompyuta.

"Mimi sina historia," Bingwa alisema. "Nimezaliwa, nimesoma, basi."

"Jana ulifanya nini tangu ulipoamka?"

"Niliamka. Nikawasha pampu. Nikaja shule."

"Pampu gani?"

Ndipo ikatoka. Jengo walilokaa lilikuwa na pampu ya maji kuukuu, na katika familia ishirini na moja hakuna aliyeweza kuiwasha isipokuwa yeye. Kwa miaka minne aliamka kabla ya watu wote, akaigonga mahali fulani kwa kisigino, akaisikiliza, akaigonga tena. Siku aliyougua, jengo zima halikuoga. Alitaka kusomea umeme na mitambo, na hakuwahi kufikiri kwamba mambo hayo mawili yanajuana.

Karani aliandika pampu. Bingwa aliposoma akasema, "Kumbe mimi ni mtu wa maana." Akaondoka na karatasi yake ameishika kwa mikono miwili, na habari ikaenea.

Malipo yalikuwa kufagiliwa zamu yake darasani na kubebewa madaftari. Lakini hakuna malipo yanayofidia kusikiliza. Msichana mmoja alilia saa nzima, kisha akasema hayo aliyoyasema yasiandikwe. Mvulana mwingine alidanganya mwanzo mpaka mwisho, eti alimwokoa mtoto kwenye moto, alimwokoa mwingine mtoni, na Karani akaandika uongo wote kama ulivyokuja kwa sababu hakuwa na nguvu ya kubishana. Kila mmoja Karani alimwuliza maswali yale yale, jana ulifanya nini, nani akikosekana kwenu mambo yanaharibika, na kila mmoja aliondoka mwepesi akamwachia uzito. Kwa siku kumi na mbili aliandika barua kumi na tatu. Aliandika wakati wa chakula cha mchana na kwenye korido, na Jumamosi aliandika katika chumba cha kufulia, akiwa ameegemea rundo la mashuka yaliyokunjwa huku mashine ya kukamulia ikitetemesha sakafu.

"Yako iko wapi?" mama alimwuliza Jumamosi moja, akikunja shuka kwa kidevu na mikono miwili.

"Ipo, mama."

"Ipo wapi?"

"Kichwani."

"Kichwani kwako saa hizi kuna watu kumi na watatu. Wewe umekaa wapi? Mganga hajigangi, mwanangu, lakini angalau huwa anajua kuwa anaumwa."

Karani akacheka, akaendelea kuandika.

Wa kumi na nne alikuwa Kijiko. Huyu hakuwa mwenzake wa darasa tu. Walipakana ukuta, walianza shule siku moja, na nusu ya nguo za mmoja zilikuwa kwa mwingine. Jina la Kijiko alipewa na kaka yake mwenyewe kwa wembamba wa mwili na ukubwa wa kichwa, naye akalikubali kabla wengine hawajapata la kumwongezea. Alikuja siku nne kabla ya mwisho. Alitaka uuguzi, chuo kile kile cha afya alichokitaka Karani, ila Karani alichagua utabibu.

"Haya. Kwa nini uuguzi?"

"Napenda kusaidia watu."

"Wote wanasema hivyo, shoga."

Kijiko akafikiri. "Basi andika napenda kusaidia watu sana."

Karani alicheka mpaka akalaza kichwa mezani, na alipokilaza hakikutaka kuinuka. Alimwuliza maswali yake. Jana nilifanya nini? Nilikuja kwenu. Nani akikosekana kwetu mambo yanaharibika? Hakuna, wote tunakosekana tu. Kijiko alikuwa mtu mwema, mcheshi, mwenye kumsaidia kila mtu bila kujua kwamba anasaidia, na ndiyo maana hakuwa na la kusimulia. Mtu mwenye nguvu kidogo angelitafuta. Karani hakuwa nazo. Alichofanya ni kuchukua kilichokuwa karibu na mkono, akaandika:

"Jirani yetu hufua mashuka ya hospitali. Hajawahi kumgusa mgonjwa, lakini anawajua wagonjwa wote kwa mashuka yao. Lililosuguliwa upande mmoja ni la mtu asiyeweza kujigeuza. Lenye chumvi ya jasho ni la mwenye homa. Aliwahi kuniambia kwamba shuka linalomtisha si lile lenye damu. Ni lile linalorudi safi, limenyooka, kama halikulaliwa."

Iliendelea hivyo kwa ukurasa mzima. Kijiko alipomaliza kusoma alijipapasa mkono, vinyweleo vilikuwa vimesimama.

"Hii ni mimi?"

"Si unakaa pale? Si umemsikia mama akisimulia?"

"Nimemsikia."

"Basi ni yako pia."

Tarehe thelathini ilifika na Karani hakuwa ameandika neno. Asubuhi aligundua kwamba cheti chake cha kuzaliwa hakipo nyumbani. Baba alikichukua na bahasha nzima ya vyeti alipokwenda kupaka hoteli, akidhani ni mkataba wake. Baba akakipiga picha kwa simu, ya kwanza ikatoka na kidole, ya pili ikatoka na kivuli, ya tatu ikafika saa nane mchana ikiwa na tone la rangi ya kijani kwenye pembe. Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine kumi na moja, saba zilizo hai, na foleni iliyotoka mlangoni ikazunguka mpaka chooni. Wengi kwenye foleni walikuwa wameshika barua zake. Mmoja alimwomba amsahihishie kidogo mwishoni. Akamsahihishia.

Alipokaa kwenye kiti ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Akajaza jina, akajaza alama, akapandisha picha na cheti. Ukurasa wa mwisho ukafunguka, mweupe, na juu yake lile swali. Wewe ni nani?

Alikiuliza kichwa chake, kikajibu pampu. Akauliza tena kikajibu mtoto aliyeokolewa mtoni. Aliingoja sauti yake mwenyewe kama unavyongoja maji kwenye bomba lililokatwa. Kulikuwa na mlio, hakukuwa na maji. Nyuma yake mtu aligonga kiti. "Dada, muda." Mikono ikaanza kuandika peke yake, ikaandika ilichokijua kwa moyo: mashuka. Pale palipoandikwa jirani yetu aliweka mama yangu. Hakujiona anaiba. Alijiona kama mtu anayechukua sufuria yake kwa jirani kwa sababu kwake kuna wageni.

Saa kumi kasoro dakika sita alibonyeza tuma. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, watu watatu wakamwombea kwa sauti. "Ombi lako limepokelewa." Hakusikia furaha wala chochote. Alikwenda nyumbani akaosha vyombo.

Mtihani mkuu ulikuja ukapita, na baada yake siku zikawa refu na tupu. Wiki ya pili ya utupu huo, akiwa anakinga maji bombani, simu ikalia mfukoni. "Ombi lako limesimamishwa. Maelezo yako yanafanana kwa kiasi kikubwa na ya mwombaji mwingine. Fika ofisi ya udahili ndani ya siku saba ukiwa na mzazi au mlezi."

Aliisoma mpaka ndoo ikajaa ikamwagikia miguu yake.

Kijiko hakuwa amepata ujumbe. Yake ilikuwa imetangulia kwa siku tatu, kwa hiyo kwenye macho ya mashine yake ndiyo ilikuwa ya asili na ya Karani ndiyo nakala. Alipoambiwa, alikaa chini kwenye kizingiti.

"Utawaambia nini?"

"Sijui."

"Usinitaje," alisema Kijiko. Kisha akaona haya. "Samahani. Nimesema vibaya. Nilitaka kusema..." Akatafuta, akatafuta. "Usinitaje."

Hawakugombana. Ingekuwa nafuu kama wangegombana.

Mwalimu wa ushauri alimsikiliza huku akisahihisha ramani za kidato cha pili. "Ukisema ukweli mnaweza kutolewa nyote wawili," alisema. "Funika kombe. Waambie kila mtu aliisoma mahali, ikamkaa kichwani."

"Mahali gani, mwalimu?"

"Popote. Kwenye mtandao."

"Mama yangu hayuko kwenye mtandao, mwalimu."

Mwalimu akainua macho. Alionekana kutaka kusema jambo la maana, lakini miezi ile ilikuwa imemchosha na yeye. "Basi nenda na mama yako," alisema, akarudi kwenye ramani.

Mama alikuwa ametoka zamu ya asubuhi, amekaa kwenye kiti cha plastiki na miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Karani alimweleza yote akiwa amesimama, toka benchi mpaka ujumbe. Mama hakumkatiza.

"Ulimpa Kijiko kazi yangu."

"Nilimpa maneno tu, mama."

"Yale maneno nilikuambia wewe." Sauti yake haikupanda. "Siku ile ya shuka lililonyooka nilikuwa nimetoka kulia chooni. Wodi ya watoto ilikuwa. Nikaja hapa, nikaona nikinyamaza nitapasuka, nikakuambia wewe. Sikuwa natoa mfano."

Karani akaanza kulia. Mama akamwacha alie kidogo, kisha akatoa mguu mmoja kwenye beseni, akaufuta.

"Na hiyo nyingine, ya kwako, mimi ni nani humo?"

"Mama yangu."

"Angalau humo ni mama." Akafuta mguu wa pili. "Naomba ruhusa kesho. Tunakwenda wote. Sitaki uende ukanielezee kwa watu tena peke yako."

Ofisi ya udahili ilikuwa mwisho wa korido ndefu yenye mabenchi pande zote mbili, na mabenchi yalijaa wazazi walioshika bahasha za plastiki kama watu wanaongoja majibu ya kipimo. Waliingia saa sita. Nyuma ya meza alikuwa mwanamke wa makamo ya mama, miwani imeshuka puani, viatu amevivua chini ya meza na nyayo zake ameziweka juu ya viatu hivyo. Mbele yake zilikuwa karatasi mbili zilizochapwa, zimelazwa sambamba, na karibu kila mstari umepakwa wino wa njano.

"Shikamoo," alisema Karani.

"Marahaba. Kaeni. Mama, karibu." Akagonga karatasi kwa kalamu. "Nani kaandika?"

"Mimi."

"Zote mbili?"

Karani alitazama karatasi. Kwenye ile ya kushoto aliona jina la Kijiko, lile jina lake kamili ambalo hakuna aliyelitumia. "Hii ni yangu," alisema, akigusa ya kulia. "Hiyo nyingine siwezi kuisemea."

"Kwa hiyo mwenzako kakuibia?"

"Hapana. Hajaiba."

"Hajaiba, na wewe hukunakili. Basi mvua imenyesha nyumba mbili." Afisa akavua miwani, akabana pua kwa vidole viwili. "Binti, nina kesi thelathini na mbili kama hii wiki hii. Wengine wamenunua, wengine wamenakili, mmoja kaacha jina la aliyemwandikia chini kabisa. Nimechoka. Nisaidie nikusaidie."

Mama akasogeza kiti mbele.

"Niulize mimi," alisema. "Mashuka ni yangu."

Afisa akamtazama kwa mara ya kwanza hasa. Akamtazama usoni, akashuka mpaka mikononi. Akachukua karatasi ya kulia, akaipitia kwa kidole. "Hili la shuka linalorudi limenyooka. Ni kweli, au ni maneno mazuri?"

"Ni kweli. Mgonjwa aliye hai hukunja shuka, hata awe amechoka vipi. Vidole vinatafuta. Utakuta pembe imefinywa. Likija limenyooka ujue kulala hakulala mtu, alilazwa tu." Akamwonyesha Karani kwa kidevu. "Na huyu mtoto alisikia kwangu. Akampa rafiki yake kwa sababu yeye ana tabia hiyo, hajui kusema sina. Kosa ni lake. Ila si uongo."

Feni ilikuwa ikikwaruza. Afisa alifuta miwani kwa upindo wa gauni, akaivaa, akaifuta tena. Kisha akafungua droo na kutoa karatasi nne tupu na kalamu.

"Kuna meza pale koridoni. Una saa moja. Andika upya kwa mkono, hapa hapa. Na usiniandikie mama. Mama nimemwona. Mwenzako naye nitamwita aje aandike yake, asiyekuja nimemfuta. Mengine sitaki kuyajua."

Meza ya koridoni ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Karani alikaa, na dakika kumi za kwanza aliitikisa tu. Hakukuwa na mtu wa kumwuliza jana ulifanya nini. Mwisho akajiuliza mwenyewe, kimoyomoyo, kwa sauti ile ile aliyowauliza wengine. Jana nililia. Juzi nilingoja. Kabla ya hapo nilisikiliza watu kumi na wanne.

Akaandika hayo. Aliandika kwamba amechoka na kwamba hajui vizuri yeye ni nani, lakini anajua kuuliza, na anajua kungoja mtu mpaka aseme kile alichodhani si kitu. Aliandika juu ya siku baba yake alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la kupakia rangi; walimpeleka kliniki, na tabibu aliandika kwa dakika sita bila kuinua uso, akampa dawa ya mgongo wakati kilichouma kilikuwa mbavu, kwa sababu hakuuliza na baba hakuzoea kusema. Ndipo alipotaka utabibu, na kama si utabibu basi kazi yoyote ambayo ndani yake mtu anatazamwa. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Haikuwa nzuri. Maneno saba aliyakata, na katikati aliandika neno moja mara mbili. Lakini alipoisoma hakumkuta mtu mwingine humo.

Afisa aliipokea, akaitia kwenye trei bila kuisoma.

"Nikwambieni ukweli?" alisema, sasa akitafuta viatu kwa miguu. "Tunachagua kwa alama. Barua tunazisoma pale tu alama zinapogongana."

"Yaani," mama akauliza taratibu, "pengine msingezisoma kabisa?"

"Pengine."

Mama alijizuia mpaka wakavuka mlango. Koridoni akaanza kucheka, akaegemea ukuta, akacheka mpaka wazazi wa mabenchini wakamwonea wivu. "Mashuka yangu!" alisema akijifuta macho. "Jamani, mashuka yangu yamesafiri bure!" Karani naye akacheka, ingawa yeye kicheko chake kilichelewa kidogo na kikaisha mapema.

Kijiko aliitwa baada ya siku mbili. Alikwenda na shangazi yake, akarudi jioni akapita moja kwa moja kwa kina Karani.

"Nimeandika mistari kumi na mmoja," alisema mlangoni. "Nimewaambia naogopa damu, lakini nitazoea."

"Ndiyo hivyo ulivyoandika?"

"Ndiyo ukweli."

Walicheka wote wawili. Kisha Kijiko akamwendea mama, akapiga magoti, akamwomba radhi, na mama akamwambia, "Inuka mwanangu, sakafu ina maji." Mambo yakatengemaa, lakini si siku ile wala wiki ile. Kwa zaidi ya mwezi walipokutana bombani walisalimiana vizuri mno, kama watu wasiojuana.

Majibu yalitoka mwisho wa msimu. Karani alikosa utabibu kwa alama mbili, akapata chaguo lake la pili, maabara ya hospitali, miaka mitatu. Kijiko aliangushwa na kemia. Si barua wala damu. Mwaka huo huo aliingia chuo cha ualimu wa watoto wadogo, na wanaomjua wanasema hakuna kazi iliyowahi kumkubali mtu namna ile. Bingwa alipata umeme na mitambo. Katika wale kumi na wanne, tisa walipata vyuo, wawili walikuja kushukuru, na yule mwokoaji wa watoto alianza kupita njia nyingine kila akimwona.

Siku barua ya kukubaliwa ilipofika, baba alikuwa nyumbani, kucha zimejaa rangi nyeupe. Alifungua bahasha kwa uangalifu wa mtu anayebandua mkanda kwenye kioo. Ukurasa wa kwanza ulimpongeza Karani kwa mistari minne. Nyuma yake zilifuata kurasa nane: fomu ya afya, fomu ya bweni, fomu ya mdhamini, fomu ya kuthibitisha kwamba fomu nyingine zimejazwa.

Baba alizihesabu, akazihesabu tena. "Mwanangu," alisema, "kumbe muda wote ule ulikuwa unaomba ruhusa ya kuanza kuomba."

Karani alichukua kalamu. Jina kamili. Tarehe ya kuzaliwa. Akafika mstari wa tatu, kalamu ikalala kabla yake. Mama alimvua kalamu vidoleni, akamwongoza kitandani kama mtu anayeongoza mgonjwa, akamvutia shuka. Ilikuwa saa tisa mchana, jua linawaka, watoto wanapiga kelele nje, na alilala mpaka asubuhi ya pili.

Majirani walikuja kupongeza, wawili wawili, watatu watatu. Mama aliwapokea kizingitini akiwa amesimama, mlango ameuvuta nyuma yake.

"Asanteni," aliwaambia wote. "Amelala. Njooni kesho, au keshokutwa."